Naomba ushauri: pesa ya korosho niongeze shamba au nimsomeshe mdogo wangu?

Wakuu habari zenu, mi niko Mtwara vijijini, nimeuza korosho nimebaki na kama milioni tano na nyumbani sasa ni mabishano kila siku. Mjomba anataka niongeze ekari, anasema mkorosho haumtupi mtu. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six anataka akasomee sayansi ya chakula.

Mimi moyo uko kwa mdogo wangu na sababu ninayo. Gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, imegunduliwa tangu 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, mimi nilichopata ni kibarua cha miezi michache cha kubeba mizigo maana waliokuwa na ujuzi walikuja nao kutoka mbali. Na korosho ni hivyohivyo, nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, wanabangua wao, faida inabaki kwao. Mama anabangua kwa mkono hapa uani, yale mafuta ya ganda yanamuunguza mpaka vidole vimebabuka vyeusi, anapaka majivu anaendelea. Inaniuma sana.

Korea Kusini hawana mafuta wala gesi ya maana ila walisomesha watu.

Sasa naomba mnisaidie, kuna aliyesomea hiyo kozi akapata kazi au akafungua kiwanda kidogo? Au aanze na mafunzo ya ufundi VETA na yale ya viwanda vidogo SIDO kwanza, digrii baadae? Na mjomba nimwambieje asione nimemdharau, maana ndo alinilea.