Mteja wa dawa ya kichwa kila wiki: msongo wa mawazo unaingiaje mwilini?

mhudumu_ngamiani
Hodi jamani, wa Tanga na wengineo. Swali langu ni la dirishani, kwenye duka la dawa muhimu. Kuna mteja ambaye kila muuza dawa mji huu anamjua: dereva wa bajaji au mama wa kikundi, marejesho ya mkopo hayampi pumzi, usingizi hauji. Anaanza na dawa ya kichwa. Mwezi ukipita anaongeza ya kiungulia. Kisha anakuja na presha iliyopimwa barabarani, leo 150, kesho 128, anauliza kama vidonge vya presha vinauzwa kwa kuhesabu. Malaria kapima, hana. Akiambiwa "ni mawazo tu" anaona ameitwa mwongo.

Msongo unapita njia gani hasa mpaka ukafika tumboni na kwenye mishipa? Na mtu huyu aambiwe nini cha kufanya? "Punguza mawazo" keshaisikia.

tabibu_chuda
Hilo "tu" lifutwe kwanza. Njia ziko mbili. Ya haraka ni ya neva: ubongo ukihisi hatari, neva huziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini. Sekunde chache tu moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda, damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli. Ya pili ni ya homoni: ubongo huiagiza tezi ya pituitari, pituitari huziagiza zilezile tezi za juu ya figo, inatoka kotisoli. Hii huchukua dakika kadhaa, na moja ya kazi zake kubwa ni kulifanya ini litoe sukari ili misuli ipate nguvu.

Kwa anayekimbizwa na mbwa mpango huu ni mzuri sana. Anayewaza marejesho hakimbii, amekaa. Sukari imetoka, misuli haikuitumia. Mambo yakirudiwa miezi na miezi, insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, inafanya kazi kwa shida, mafuta yanajazana tumboni, mishipa inazoea kubana. Misuli ya shingo na taya nayo hailegei, na hapo ndipo kinapoanzia kile kichwa cha kubana kama kilemba.

Kotisoli ina saa zake. Hufika kileleni kama nusu saa baada ya mtu kuamka, na kwa kawaida huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kwa mwenye msongo wa muda mrefu mteremko huo mara nyingi hulegea, usiku haishuki inavyopaswa.

Kinga ya mwili nayo huyumba. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake waliwatilia watu wa kujitolea virusi vya mafua puani. Kadiri msongo ulivyokuwa mkubwa ndivyo walivyozidi kuambukizwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walipima kidonda kidogo cha ngozi, milimita 3.5, kwa wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Kilichelewa kupona siku 9 hivi kuliko cha wenzao. Aitwaye mwongo aonyeshwe hicho.

nesi_makorora
Tabibu kaeleza vizuri. Mimi nina shaka na hiyo presha ya barabarani. Mtu katoka kuendesha baiskeli juani, kakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, mkanda umefungwa juu ya shati, na anaongea. Namba hiyo si yake.

Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Mkojo autoe kwanza, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Nusu saa kabla asivute sigara wala asinywe kahawa. Mkono uwe wazi, umelala mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inapanda. Pima mara mbili, dakika 1 katikati. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, aende kituoni akaandikiwe dawa. Vya kuhesabu usiuze. Ikifika 180/120 na kifua kinabana, au mdomo umepinda, au mkono mmoja umelegea, ni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa lawama ninayoipeleka dirishani kwako. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zizuie chumvi na maji, presha ikapanda, na huuchubua utando wa tumbo. Kwa hiyo katika maradhi matatu ya mteja wako, mawili huenda kayanunua kwako. Hata parasetamo: akiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Za mchanganyiko zenye kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa, siku 10 zinatosha. Mpe kijikaratasi atie alama kila siku anayomeza. Wengi hushtuka wakihesabu.

mtu_wa_pwani
Lakini vidonda vya tumbo si vinaletwa na mawazo? Huku kila mtu anajua hivyo.

tabibu_chuda
Barry Marshall na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria, *Helicobacter pylori*, na nafasi yake katika vidonda hivyo. Vidonda vingi hutokana na bakteria huyo au na hizo dawa alizozitaja nesi. Msongo huongeza kiungulia na maumivu na huchelewesha kupona, ila usiusingizie yote. Apime choo au pumzi. Kipimo cha damu hubaki chanya hata bakteria akishakufa, na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, iachwe wiki 2 kabla ya kupima, la sivyo bakteria hujificha na majibu yatadanganya. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu si msongo, asisubiri.

mhudumu_ngamiani
Nimekubali lawama. Na usingizi? Wananiuliza diazepamu, kile kidonge cha kutuliza na kulaza.

nesi_makorora
Bila cheti usiitoe, inazoeleka upesi. Uliza kahawa kwanza. Kafeini hupungua nusu kwa kama saa 5, hivyo kikombe cha kahawa chungu cha saa 2 usiku barazani, saa 7 nusu yake bado inazunguka mwilini. Baraza asiliache, linamfaa kuliko kidonge. Abadilishe kinywaji tu, anywe tangawizi.

Kitandani avute pumzi puani sekunde 4, aitoe taratibu sekunde 6, dakika 10. Kosa la wengi ni kuvuta pumzi kubwa mno, wakapata kizunguzungu na ganzi vidoleni wakadhani moyo umesimama. Iwe ndogo, ya tumboni. Huo ni unafuu wa usiku, deni liko palepale. Kama kikundi kinakubali kusogeza marejesho, hiyo nayo ni tiba.

Na mkanda wa mashine yako unatosha mikono minene? Mdogo huipandisha namba.

mhudumu_ngamiani
Nitajuaje?

nesi_makorora
Umeandikwa wenyewe, mwingi ni sentimita 22 hadi 32. Zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Akizidi 32, tafuta mkanda mkubwa.