Msaada: kutambua nduaro, sulisuli na samaki upanga wakifika bila mkuki na bila rangi

Kipimo_Sahihi (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Naandaa fomu ya ukurasa mmoja pamoja na mwongozo mfupi kwa wapimaji wanaorekodi samaki wenye mdomo wa mkuki. Nimekwama hapa:

1. Vitabu haviafikiani. Kimoja kinahesabu spishi 9 katika familia ya Istiophoridae (nduaro na wenye tanga), kingine 11. Nduaro mweusi huku ni Makaira indica, kule ni Istiompax indica. Vitabu vya zamani vinawaweka karibu na jodari, vipya vinawasogeza kwa kolekole.
2. Samaki wengi wanafika mkuki umekatwa na ngozi imegeuka kijivu. Alama gani haidanganyi?
3. Urefu upimwe kutoka wapi?
4. Kwa wale watakaoshindikana, sampuli ya vinasaba ichukuliwe vipi?

Ninaomba majibu ya kuingia kwenye fomu moja kwa moja.

Ngeli_ya_Samaki

Nianze na majina, maana ndipo data nyingi zinapoharibika. Mleta uzi, usiweke "sulisuli" au "nduaro" peke yake kwenye safu ya spishi. Sulisuli, nduaro na mbasi ni majina yanayohama: mmoja anamwita hivi mwenye tanga kubwa, mwingine anawaita hivyo wote. Weka jina la kisayansi, la mazoea libaki kwenye safu ya maelezo.

Mpangilio unaotumika sana sasa ulitengenezwa na Collette, McDowell na Graves mwaka 2006, baada ya kulinganisha vinasaba na maumbile. Familia ni mbili. Xiphiidae ina spishi moja tu iliyo hai, samaki upanga, Xiphias gladius. Istiophoridae ina 9: Istiophorus platypterus (mwenye tanga), Istiompax indica (nduaro mweusi), Makaira nigricans (nduaro buluu), Kajikia audax (nduaro wa mistari), Kajikia albida (nduaro mweupe), na wanne wa jenasi Tetrapturus: angustirostris, belone, georgii na pfluegeri.

Hiyo 11 inatokana na kuwagawa wawili kwa bahari. Wapo wanaomtenga nduaro buluu wa Pasifiki na Hindi kwa jina la Makaira mazara, na mwenye tanga wa Atlantiki kwa jina la Istiophorus albicans. Vinasaba haviungi mkono mgawanyo huo. Nduaro buluu ana makundi mawili ya DNA ya mitokondria: moja linapatikana Atlantiki tu, lakini la pili liko bahari zote, Atlantiki ikiwemo. Huwezi kuiita spishi ya pili ilhali nusu ya ushahidi wake inaogelea upande wa pili. Mimi ningeweka 9 na kuandika mwaka wa mpangilio chini ya fomu.

Ukitafuta kumbukumbu za zamani, tafuta kwa majina yote mawili. Nduaro mweupe alikuwa Tetrapturus albidus, sasa ni Kajikia albida. Mwisho umebadilika kwa sababu jina la pili hufuata jinsia ya jenasi, kama kivumishi chetu kinavyofuata ngeli. Audax limebaki lilivyo kwa kuwa umbo lake ni moja kwa jinsia zote mbili. Anayetafuta "albida" peke yake anakosa kumbukumbu za miongo mingi.

Kuhusu jodari: walifananishwa kwa sababu wote ni wa bahari kuu, wana mkia wa mwezi mwandamo na wote wana namna ya kutunza joto. Lakini joto lenyewe halitoki mahali pamoja. Jodari hutunza joto la misuli ya kuogelea kwa mtandao wa mishipa ya damu. Nduaro na samaki upanga wana msuli mmoja wa jicho uliogeuka kuwa tanuri: umepoteza kazi ya kukaza na kulegea, umebaki kuchoma nishati ili kupasha jicho na ubongo. Mwili uliobaki hufuata joto la maji. Vinasaba vinawaweka pamoja na kolekole, panje, chazo, mzia na hata gayogayo. Ngazi ya oda (iliyo juu ya familia) bado ina mitindo miwili: wengine huwapa oda yao, Istiophoriformes, wengine huwaingiza wote ndani ya Carangiformes. Kwa fomu ya mapokezi, acha safu ya oda kabisa. Haimsaidii mpimaji.

Mkuku_Miwili

Nakuja kwenye namba 2. Fuata mpangilio huu na usiruke hatua, kwa sababu kila hatua inapunguza orodha.

Kwanza tazama shina la mkia. Samaki upanga mkubwa ana mkuku (ukingo ulioinuka) mmoja mpana kila upande. Istiophoridae wote wana miwili kila upande. Alama hii inabaki hata kichwa na mapezi yakikatwa, ndiyo maana naiweka mbele. Thibitisha kwa kupapasa: samaki upanga mzima hana magamba wala mapezi ya tumbo. Mkuki ukiwepo, wake ni bapa kama upanga, wa wengine ni wa mviringo na unakwaruza kama tupa.

Pili, mahali alipovuliwa. Nduaro mweupe, georgii na pfluegeri ni wa Atlantiki, belone ni wa Mediterania. Nduaro wa mistari na angustirostris ni wa Hindi na Pasifiki. Mweusi ni wa huko huko, japo wachache hupotea hadi Atlantiki. Buluu na mwenye tanga wako bahari zote tatu.

Tatu, inua pezi la kwanza la mgongo kutoka kwenye mfereji wake, pima kimo cha sehemu ya mbele kwa mstari ulionyooka, kisha linganisha na kina cha mwili. Likizidi kina cha mwili kwa mbali na katikati likawa juu kuliko mbele, ni mwenye tanga. Mapezi yake ya tumbo pia ni marefu sana, yanakaribia mkundu. Likilingana na kina cha mwili au kuzidi kidogo, huyo ni wa mistari. Likiwa pungufu ya kina lakini limechongoka, elekea kwa buluu. Likiwa nusu ya kina au chini yake, elekea kwa mweusi. Tetrapturus ni wembamba, na pezi lao linaendelea kuwa juu karibu urefu wake wote badala ya kuporomoka nyuma ya ncha ya mbele.

Hapa watu hukosea namna mbili. Ncha ikichanika, wanakadiria. Usikadirie, andika "limechanika" uende hatua inayofuata. Na nduaro wa mistari akiwa mkubwa sana pezi hushuka kidogo, hivyo kipimo hiki peke yake kisimhukumu.

Nne, pezi la kifua. Kwa nduaro mweusi limekaza, halilali ubavuni, na ukilazimisha utavunja kiungo. Kwa buluu na wa mistari linakunjika na kulala. Weusi wadogo bado pezi lao hulegea, kwa hiyo pezi lililolala kwa samaki mdogo si ushahidi kwamba si mweusi.

Bahari_Shwari

Mbona mnajisumbua? Buluu ana mistari 15 hivi ubavuni, wa mistari anaonekana wazi, mweusi hana. Basi.

Mkuku_Miwili

Mkuu, hiyo ni kwa samaki anayeruka majini. Rangi ya hawa inaendeshwa na chembe za rangi zinazotii mishipa ya fahamu. Akisisimka huwaka, akifa huzimika. Mweusi akiwa hai naye anaweza kuonyesha mistari hafifu, na buluu aliyekaa kwenye barafu hana hata mmoja. Mleta uzi ameshasema wanafika kijivu. Safu ya rangi kwenye fomu ni mtego.

Kipimo_Sahihi

Nashukuru sana. Swali la nyongeza: wengi wanafika wamegandishwa. Pezi la kifua la aliyeganda ni gumu kwa kila spishi, si ndiyo? Nifanyeje?

Ngeli_ya_Samaki

Ndiyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya buluu kuandikwa mweusi. Samaki akiwa kwenye barafu, au bado amekakamaa baada ya kufa, hatua ya nne haifanyiki. Tumia mbili hizi badala yake.

Angalia mapezi madogo ya nyuma, la pili la mgongo na la pili la mkunduni. Kwa mweusi, la mgongo huanza mbele kidogo ya la mkunduni. Kwa buluu, huanza nyuma yake kidogo. Weka rula wima kwenye mzizi wa pezi, si kwenye ncha, la sivyo utasoma kinyume.

Kisha mstari wa ubavu. Kwa wa mistari ni mmoja, unaonekana kwa urahisi. Kwa buluu ni wavu wa vitundu vilivyounganika kama waya wa banda la kuku. Tatizo ni kwamba kwa mkubwa wavu huo umefunikwa: ondoa magamba sehemu ya ukubwa wa kiganja katikati ya ubavu, au subiri ngozi ikauke, ndipo utauona. Ukiona wavu, umemaliza.

Kama ni kiwiliwili tupu, bila kichwa wala mapezi, na mwenye mali anakubali kipasuliwe, hesabu pingili za uti wa mgongo. Samaki upanga ana 26, Istiophoridae 24. Ndani ya hizo 24, buluu na mweusi wana 11 za mbele ya mkia, kisha 13 za mkia. Waliobaki wote ni 12 na 12. Pingili ya kwanza ya mkia ni ile yenye mwiba wa chini ulioziba na kusimama katikati. Hii haitenganishi buluu na mweusi, lakini inamtoa wa mistari kwenye mashaka.

Futikamba

Namba 3. Pima kutoka ncha ya taya la CHINI hadi panda ya mkia. Mkuki huvunjika, hukatwa, na wengine huwa nao mfupi, kwa hiyo urefu wote haulinganishiki kati ya samaki na samaki. Pima mstari ulionyooka kwa kaliperi kubwa au ubao. Ukilaza futikamba juu ya mwili inafuata unene, na mnene atapata sentimita ambazo hana. Kama hakuna njia ila futikamba, andika "kwa mkunjo" pembeni, usizichanganye.

Asiye na kichwa: kwa samaki upanga pima kutoka mfupa wa bega hadi mkuku wa mkia, kwa wengine, mzizi wa pezi la kifua hadi panda. Weka kisanduku cha kutia alama ya aina ya kipimo, kwa sababu namba isiyo na aina haigeuziki baadaye.

Na tafadhali usiweke "jinsia" ya kukisia kwa macho. Nje hawatofautiani. Kweli, nduaro buluu wa kiume ni nadra kupita kilo 160 hivi, na majike huzidi hapo mara kadhaa (rekodi ya ndoano ya Atlantiki, Brazili mwaka 1992, ni kilo 636), lakini jike dogo lina uzito wa dume kubwa. Fungua tumbo: ovari ni ya mviringo na ukiikata ina uwazi katikati, korodani ni bapa.

Ukitaka umri, usitegemee mawe ya sikio peke yake, ni madogo mno kwa samaki wa ukubwa huo. Chukua mwiba wa pezi la kwanza la mgongo, wa 4 hadi wa 6, ung'oe pamoja na kifundo chake cha chini. Ukiukata juu ya kifundo umeharibu, kwa kuwa mahali pa kukata kipande cha kusomea hupimwa kwa upana wa kifundo hicho. Jambo la kukumbuka: kiini cha mwiba huliwa na mishipa ya damu samaki anavyokua, pete za miaka ya mwanzo zinapotea. Kuhesabu zinazoonekana tu kunampunguzia umri.

Bahari_Shwari

Sawa, nimekubali kuhusu rangi. Lakini mwongozo utaje kwamba mwenye tanga anakimbia kilomita 110 kwa saa, wapimaji wapende kazi!

Futikamba

Usiitaje. Ni hesabu ya zamani ya uzi uliotoka kwenye roda. Vipimo vya kisasa, vya vifaa vilivyofungwa kwa samaki na vya kasi ya misuli, vinatoa mita 8 hadi 10 kwa sekunde, yaani kilomita 30 na kitu kwa saa. Anakamata dagaa kwa kuupenyeza mkuki polepole ndani ya kundi na kuupiga ubavuni ghafla. Dagaa wenyewe hawaoni kama kuna shambulio mpaka mkuki umeshapita.

Ngeli_ya_Samaki

Namba 4. Kata msuli wa ukubwa wa punje ya harage kutoka ndani, si juu ya ngozi iliyogusana na samaki wengine. Osha kisu na ukipanguse kwa jiki iliyochanganywa na maji kisha maji safi, kila samaki. Tumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 95, kiasi kisichopungua mara 5 ya nyama. Ibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya nyama huizimua. Fomalini hapana, inakatakata vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli na iwe NDANI ya kichupa, wino huyeyuka.

Ukiagiza kipimo, usiombe jeni ya COI (ya mitokondria, inayotumika sana kutambua spishi) peke yake. Inatosha kumtenga mweusi na buluu, lakini mweupe na wa mistari wamekaribiana mno ndani ya Kajikia kiasi kwamba inasuasua. Hapo mahali alipovuliwa, au alama za vinasaba vya kiini cha seli, ndivyo vinavyoamua.

Kipimo_Sahihi

La mwisho. Georgii na nduaro mweupe: pezi la mgongo kwa wote ni la ncha ya duara. Je, wanatenganishwa vipi mezani?

Mkuku_Miwili

Mgeuze tumbo juu. Kwa mweupe, mkundu uko karibu kabisa na mwanzo wa pezi la mkunduni. Kwa georgii uko mbele zaidi, umbali unaofika karibu nusu ya kimo cha pezi hilo au kuzidi. Pima vyote viwili, andika namba zote mbili, usiandike "karibu" au "mbali". Halafu inua kifuniko cha matamvua: miale ya utando wa chini kwa georgii inakaribia ukingo wa kifuniko, kwa mweupe inaishia kabla. Magamba ya georgii ya ubavuni nayo ni ya duara kwa mbele, lakini hilo linataka lenzi. Georgii alithibitishwa kwa vinasaba kuwa spishi halali mwaka 2006, kwa hiyo "mweupe" yeyote wa kabla ya hapo aliyeandikwa bila kipimo cha mkundu, mwekee alama ya kuuliza.