Wapenzi wa muvi za vita: ipi inastahili bando langu, na kwa nini?

Kijana_wa_Kyaka

Wakuu habari za jioni. Nina wikiendi tupu, bando lipo, na nimechoka na muvi za jamaa mmoja na bunduki moja, anafyatua nusu saa bila kubadili magazini, watu mia chini, yeye kachanika shati tu.

Iliyoniharibia ladha ya hizo ni Saving Private Ryan ya Spielberg, ya 1998. Hadithi yenyewe ya kumtafuta askari mmoja naiona imelazimishwa kidogo. Kilichonikamata ni mwanzo, pwani ya Omaha, Wamarekani wanaposhuka Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani. Kwanza mkono wa kapteni, Tom Hanks, unaotetemeka akinywa maji ndani ya boti. Kiongozi anatetemeka! Halafu mlango wa boti unashuka, na waliokaa mbele wanakatwa na risasi kabla hawajapiga hata hatua moja.

Nitajieni nyingine za namna hiyo. Ila semeni kwa nini, maana "hiyo ni kali sana" haimsaidii mtu. Na kama kuna yoyote inayotugusa sisi wa upande huu wa dunia, itajeni pia.

---

Bonge_la_Chanika

Nyie mnapenda kuteseka. Mimi Commando ya Schwarzenegger, 1985, nairudia kila Idi na kila Krismasi. Stelingi haulizwi risasi zimetoka wapi. Nikitaka huzuni nasoma bili ya umeme.

---

Mzee_wa_Kibanda

Bonge, hiyo Commando imenilipia karo ya watoto, kwa hiyo siisemi vibaya. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha video Ngamiani, Tanga. Deki moja, televisheni ndogo ambayo aliyekaa benchi la nyuma alikuwa anaona kivuli tu, na spika kubwa niliyoinunua kwa fundi wa disko. Kwa sababu ya ile spika nilijifunza jambo moja ambalo sijaona sababu ya kulibadilisha: muvi nzuri ya vita huingilia sikioni. Kijana, hata hiyo Omaha yako, rudi ukaisikilize. Bomu likilipuka karibu na kapteni sauti zote zinazama, unaona midomo inacheza tu, na wewe uliyekaa kwenye kochi umekuwa kiziwi pamoja naye.

Kwa hiyo ya kwanza ninayokupa ni Das Boot, ya Mjerumani Wolfgang Petersen, 1981. Ni nyambizi, U-96, na karibu muvi nzima mmefungiwa humo ndani. Mkanda nilipewa na baharia mmoja, umeingizwa sauti za Kiingereza. Siku nilipoiweka, vijana walianza kwa ubishi: hapa stelingi nani, hawa si ndio watu wa Hitler, tuwashangilie vipi? Ubishi uliisha manowari ya Waingereza ilipopita juu yao. Wale wa chini hawaioni. Wanaisikia. Pangaboi la ile manowari linakuja, linapita, linarudi. Halafu kale kamlio ka kuwatafuta, ting, kimya, ting, kanakaribia, na mabaharia wote wamekodolea macho dari la chuma. Mabomu yanaanza. Nyambizi inashuka kupita kina ilichopimiwa, chuma kinalia, nati zinafyatuka ukutani. Fundi wa injini, Johann, mzoefu wa siku nyingi, anaacha mashine zake anakuja katikati ya wenzake macho yamemtoka, na kapteni anakwenda kuchukua bastola.

Kulikuwa na jamaa anauza karanga mle kibandani, hanyamazi hata kwenye muvi ya mapenzi. Siku hiyo alikaa na sinia mapajani mpaka mwisho. Na adui hajaonyeshwa sura!

Mpiga picha, Jost Vacano, alikuwa anakimbia na kamera mkononi kwenye ule ujia mwembamba, anapenya matundu ya milango pamoja na mabaharia, na waigizaji walikatazwa jua ili wapauke kweli. Ndiyo maana ukimaliza unatamani kutoka nje upunge hewa.

Ya pili ni The Battle of Algiers, 1966, ya Mwitaliano Gillo Pontecorvo. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na ukiiangalia utaapa ni habari zilizopigwa siku yenyewe. Hakuna hata kipande cha habari mle, yote imeigizwa, Algiers kwenyewe, ndani ya Kasbah, mtaa mkongwe wa wenyeji, na karibu wote ni wenyeji ambao hawajawahi kuigiza. Yacef Saadi, aliyekuwa kiongozi mjini humo wa wapiganaji wa FLN, waliodai uhuru wa Algeria kutoka kwa Ufaransa, anaigiza mtu ambaye ni yeye mwenyewe kwa jina jingine. Mwigizaji wa kazi ni Jean Martin peke yake, yule kanali wa makomandoo wa miavuli wa Ufaransa, na kanali mwenyewe si mjinga wala si shetani wa katuni. Anaeleza kazi yake kwa utulivu kiasi kwamba unaogopa zaidi.

Kuna kipande nakisimulia kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Wanawake watatu wako mbele ya kioo, wanavua baibui, wanakata nywele, wanajipaka rangi ili wafanane na Wafaransa. Wanapita kwenye vizuizi vya askari na vikapu vyenye mabomu, askari mwingine anamtania mmoja wao. Anafika kwenye mkahawa, anaagiza kinywaji, kikapu anakisukuma kwa mguu chini ya kiti. Halafu anaangalia watu. Na wewe unaangalia. Mtoto analamba aiskrimu. Mpaka hapo ulikuwa upande wake kabisa, maana mabomu ya Wafaransa yameshaua watu wamelala majumbani Kasbah, umeona maiti za watoto zikitolewa kwenye vifusi. Pontecorvo hakuruhusu uangalie pembeni upande wowote. Hata muziki wa maombolezo aliwapigia wafu wa huku na wa huku uleule.

Na sikio tena: vigelegele. Hivi hivi vya harusini kwetu. Mle ndani vinatoka gizani, kwenye mapaa, mamia ya wanawake usioweza kuwaona, na askari wenye silaha wamesimama hawajui wamlenge nani.

Ya tatu sikuwahi kuionyesha kibandani, niliiona kwenye kompyuta ya mwanangu. Come and See, ya Elem Klimov, Umoja wa Kisovyeti, 1985. Kijana mdogo wa Belarus, Flyora, anafukua bunduki mchangani ili akubaliwe na wapiganaji wa msituni wanaopambana na Wajerumani. Mabomu yanaanguka karibu naye, na kuanzia hapo masikio yake yanalia wiii, na yako pia, muda mrefu. Anarudi kijijini na msichana, Glasha. Nyumba tupu, chakula bado kina uvuguvugu, nzi wengi. Yeye anasema najua walikojificha, anatoka mbio. Msichana anageuka nyuma mara moja tu na kuona kilichorundikwa nyuma ya nyumba. Hamwambii. Mwishoni maandishi yanakupa hesabu: vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na watu wake. Uso wa yule mtoto umezeeka ndani ya muvi moja. Hiyo usiiangalie usiku, na usiiangalie unakula.

---

Binti_Ujiji

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya vigelegele imenisisimua.

Kijana ameomba za upande wetu. Mimi wa Kigoma nitataja The African Queen, ya John Huston, 1951, Bogart na Katharine Hepburn, walipiga picha Uganda na Kongo. Ni vita vya kwanza vya dunia katika Afrika ya Mashariki ya Mjerumani: mmisionari na mlevi mwenye kiboti wanateremka mto wakaizamishe meli ya Wajerumani ziwani. Inachekesha, Bogart alipata Oscar yake humo, na ukiwa na bibi yako mnaweza kuiangalia pamoja bila aibu.

Lakini ukijua kisa cha kweli unaona walivyobakiza minofu sahani nzima. Meli iliyowapa watu wazo hilo ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli ya kati, ikaungwa upya na kuingizwa majini 1915. Waingereza nao wakaburuza boti mbili zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", nchi kavu kutoka Afrika Kusini, kupita misitu na milima ya Kongo, hadi Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, baada ya kupaka injini grisi nzito zisioze. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wa kwetu wamesafiri nayo na magunia ya dagaa. Kwenye muvi inalipuliwa na mapenzi yanaendelea.

Na waliobeba vile vyuma begani? Kwenye muvi Waafrika wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani vibaya, kijiji kinachomwa, basi, hatuwaoni tena kama watu.

---

Wa_Eastleigh

Dada hapo umeongea. Mimi niko Nairobi, na hilo ndilo tatizo langu na Black Hawk Down ya Ridley Scott, 2001. Kwa ufundi, hiyo ni shule. Vita vya Mogadishu, Oktoba 1993, ndege zinaanguka katikati ya mji, na kila wakati unajua nani yuko mtaa gani na msafara umepotelea wapi. Kipimo cha sikio cha mzee pia inafaulu, zile helikopta unazisikia kifuani.

Lakini picha zilipigwa Morocco, na kati ya waigizaji wakuu hakuna Msomali hata mmoja. Wamarekani 18 waliokufa, kila mmoja ana jina na jamaa nyumbani. Wasomali walikufa mamia siku hiyo na usiku wake, na kwenye muvi ni umati unaokimbia kuelekea kwenye risasi. Huku mtaani kwetu Eastleigh, wanakoishi Wasomali wengi, ukiiweka kuna wazee wanatoka nje kuvuta sigara. Angalia, ila ukimaliza angalia ile ya Algiers halafu ulinganishe mwanamke wa mtaani amepewa nini kwenye kila moja.

---

Kijana_wa_Kyaka

Asanteni sana wakuu. Mzee, shikamoo. Nianze na ipi, na nipate toleo gani? Halafu mimi nimetoka Kyaka, daraja letu lilibomolewa na watu wa Amin mwaka 1978. Hivi ile vita ingetengenezewa muvi, wewe ungetaka ianze vipi?

---

Mzee_wa_Kibanda

Marahaba wote wawili. Anza na Algiers, ina saa mbili tu, utaimaliza kabla hujalala. Das Boot ina toleo fupi na toleo la mwongozaji la 1997, la karibu saa tatu na nusu. Chukua hilo refu, na uchukue lenye sauti za Kijerumani na maandishi chini, maana wale wanaonong'ona ni lazima wanong'one kwa sauti zao. Weka spika za masikioni. Come and See subiri wiki nyingine.

Kuhusu Kagera, mimi nisingeanza na hotuba, ingawa ile ya Mwalimu ya "nia tunayo" kila mtu anaijua kwa kichwa. Ningeanza upande wa pili wa mto, na askari wa Amin amelala kwenye handaki. Yale makombora yetu ya BM-21, Waganda waliyapa jina Saba Saba. Ningetaka mtazamaji ayasikie yakija kwa dakika nzima kabla hajaonyeshwa kitu chochote. Halafu ndiyo umpeleke Kyaka kwa mama mwenye migomba yake, na yeye umpe jina.

---

Bonge_la_Chanika

Sawa, mmenishinda, napakua hiyo ya nyambizi. Swali moja tu mzee: stelingi anakufa?

---

Mzee_wa_Kibanda

Kiingilio kwanza.