Depo kupigana mkono kwa mkono kukoje? Sijawahi kupigana hata shuleni

Wakuu habari zenu. Naingia depo, kambi ya mafunzo ya awali ya jeshi, mwezi ujao na kinachoninyima usingizi sio mbio wala kwata, ni hilo somo la kupambana mkono kwa mkono. Nina kilo 58, wenzangu wengine wamecheza judo miaka, nianze karate sasa hivi? Na hivi lina kazi gani siku hizi za droni?

mzee_wa_singe: Mdogo wangu tulia, cha kwanza utafundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, pumzi itoke, mkono wote kuanzia kiganja mpaka kiwiko upige chini kwa pamoja ili kishindo kisambae. Usitangulize kiganja peke yake kujizuia, mimi nilifanya hivyo wiki ya pili, kifundo cha mkono kikaenda, nikarudishwa kundi la nyuma na wale niliolala nao bweni moja wakamaliza bila mimi. Iliniuma mpaka leo.

Kombati: Kuhusu droni, jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2010 lilitoa zoezi la kushambulia kwa singe (kile kisu cha mbele ya bunduki) kwenye mafunzo ya awali lakini mieleka ikabaki, maana ukiingia chumbani mtu akakushika bunduki yako huna nafasi ya kulenga, inabidi umdhibiti hapo hapo mpaka mwenzako afike na silaha. Mfumo wao wa kupigana mkono kwa mkono ulianza 1995 kwa askari Matt Larsen kwenye kikosi cha Ranger, wale askari wao teule, akachukua jiu-jitsu ya Brazili, yaani mieleka ya chini na kabali, kwa sababu kuruta anaielewa haraka na mnaweza kukabana kwa nguvu zote bila kuumizana ovyo. Kwa Marines, wale wanamaji wa Marekani, kuruta anatoka depo na mkanda wa chini kabisa wa mchezo huo, kwahiyo hakuna anayetegemea uje bingwa.

dada_K: Karate ya mwezi mmoja achana nayo kaka, jenga shingo, mgongo na mshiko. Na ukipigwa kabali gonga mapema kuonyesha umekubali kushindwa, mara mbili, kwenye mwili wa mwenzio asikie, mishipa ya shingo ikibanwa pande zote mbili sekunde chache tu umezimika. Niliona kijana mkubwa kabisa akikataa kugonga, macho yakageuka, sote tukanyamaza. Wembamba wa kilo 58 mnawachosha wale wanene kinoma, we vumilia dakika ya kwanza tu.

Muuliza swali: Asanteni sana. Hiyo ya kuanguka naweza kujifunza mwenyewe nyumbani?

mzee_wa_singe: Ndio ila kwenye nyasi, na anza ukiwa umechuchumaa. Usianze wima.