Kupamba kwa maputo na kuburudisha watoto kutokea nyumbani: nianze na nini kwa mtaji wa laki sita?

Muulizaji, Mbagala

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu walioifanya kazi hii wenyewe, kwa kuwa ninaoishi nao wananipa maoni yanayopingana.

Ninashona mapazia na mashuka nyumbani kwangu Mbagala, na kwa muda sasa majirani wamekuwa wakiniita niwapambie sebule au baraza pale mtoto anapotimiza mwaka, binti anaporudi kutoka kwenye kipaimara, au familia inapofanya arobaini ya mtoto mchanga. Mpaka sasa wamekuwa wakininunulia vifaa na kunipa chochote cha shukrani, lakini sasa nataka kazi hii iwe biashara kamili yenye bei inayojulikana. Nina shilingi laki sita nilizoweka pembeni. Sitaki kupanga fremu ya duka, kwa sababu wenye fremu za huku wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo na fedha yote ingeishia hapo.

Kaka yangu ananisukuma nikope ninunue mtungi wa gesi ya kupaisha maputo pamoja na lile jumba la kuruka la watoto, akisema kwamba bila vitu hivyo wateja wa maana hawatanijia. Mume wangu anaona nianze na mapambo peke yake. Mimi mwenyewe ninavutiwa na burudani, yaani kuchora nyuso za watoto, kuwasokotea wanyama kwa maputo marefu na kuwachezesha michezo, kwa sababu watoto hunizoea haraka. Je, ninunue nini kwanza, na nipange bei kwa kutazama nini?

Mpambaji, Mwanza

Dada yangu, shemeji ameona mbali kuliko kaka yako. Mtungi na jumba la kuruka ni vitu vya kukodi kwa mwenye navyo pale mteja anapovitaka na kuvilipia, na gharama hiyo unaiongeza kwenye oda yake. Kuvinunua kwa mkopo kabla hujapata wateja wa kudumu ni kumfanyia kazi aliyekukopesha.

Kitu cha kwanza kununua ni pampu ya umeme yenye midomo miwili, halafu pampu ya mkono moja au mbili kwa ajili ya siku umeme utakapokatika, kwa maana utakatika Jumamosi, siku ambayo una kazi. Fremu ya upinde na ile ya duara usiagize kutoka nje. Mpelekee picha fundi wa kuchomelea wa mtaani, umwambie azitengeneze kwa vipande vinavyoungana kwa skrubu ili ziingie ndani ya bajaji. Baada ya hapo nunua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mkanda wa plastiki wenye matundu wa kupachikia maputo, na gundi ya vidoti. Mapazia huna haja ya kununua kwa kuwa unashona, na hapo tayari umewazidi wengi wanaokodi kitambaa cha nyuma ya meza ya keki kila wanapopata kazi.

Kuhusu maputo yenyewe, Kariakoo utakuta pakiti nyingi zinazofanana kwa macho. Kabla ya kununua kwa wingi, chukua pakiti moja, jaza machache na uyaache usiku kucha. Ya mpira mwepesi utayakuta asubuhi yamenywea au yamepasuka bila kuguswa. Anza na rangi chache zinazokwenda na karibu kila kitu, kama nyeupe, krimu na dhahabu, halafu rangi ya sherehe husika uinunue mteja akishalipa. Seti za upinde zinazouzwa zikiwa zimefungashwa huwa na maputo 100 hadi 140 hivi ya saizi mchanganyiko, kuanzia inchi 5 hadi 12 na machache ya inchi 18, kwa hiyo unaweza kutumia hesabu hiyo kukadiria kabla hujajua mkono wako mwenyewe.

Kinachotenganisha kazi ya fundi na ya mwanafunzi ni usawa wa saizi. Chukua boksi la katoni, ukate matundu ya duara ya vipimo tofauti, na kila puto unalojaza ulipitishe kwenye tundu lake: likikwama punguza upepo, likipita kwa ulegevu ongeza. Puto la inchi 12 usilijaze mpaka lifike inchi 12. Ishia 10 au 11, liwe duara, kwa kuwa ukiona shingo imeanza kurefuka na puto linachukua umbo la peasi, ujue mpira umevutwa kupita kiasi na utapasuka kwa joto kidogo tu. Funga mawili mawili kwa shingo zao, kisha usokote jozi mbili pamoja upate fungu la manne, na mafungu hayo ndiyo unayoyapanga kwenye mkanda au kuyazungusha kwenye fremu. Yale madogo ya inchi 5 yaache mwisho, uyabandike kwa gundi pale penye mapengo.

Jua la Dar es Salaam ni adui yako mkubwa. Maputo haya ni ya utomvu wa mpira, na mpira ukikaa juani hupoteza mng'ao na kuwa kama umepakwa vumbi ndani ya saa chache, na rangi nyeusi au bluu iliyokolea hunyonya joto haraka zaidi na kupasuka mapema. Sherehe ikiwa uwanjani, jaza pungufu, pamba chini ya turubai, na kazi ya kufunga uiache iwe ya mwisho kabisa. Pia usiyajaze ndani ya chumba chenye kiyoyozi kisha ukayatoa moja kwa moja nje mchana wa Februari, kwa kuwa hewa iliyomo itatanuka.

Sasa bei. Wengi huhesabu maputo na kusahau saa. Tuseme vifaa vitakavyotumika na kuisha ni shilingi 45,000, bajaji ya kwenda na kurudi 20,000, na msaidizi 15,000. Umeshafika 80,000 na wewe bado hujajilipa. Ukimtoza jirani 100,000 kwa kumwonea haya, hiyo 20,000 inayobaki inabeba usiku uliotumia kujaza, asubuhi ya kufunga, safari ya pili ya kurudi saa sita usiku kubomoa na kuchukua fremu zako, pamoja na uchakavu wa pampu. Amua mapema ujira wa saa yako moja ni kiasi gani, uhesabu saa zote zikiwemo za kubomoa, na undugu uonyeshe kwa punguzo linaloandikwa wazi kwenye karatasi ya bei, ili mtu ajue bei halisi ni ipi na alichopunguziwa ni kipi.

Namna ya kusafirisha: mafungu yaliyokwisha kufungwa yaweke ndani ya chandarua cha zamani, ufunge mdomo wake kwa kamba. Hayatakwaruzana na kingo za mlango wa kirikuu, na ukifika unayaona yote bila kufungua.

Mhandisi, Tabata

Naomba niongezee kwenye suala la gesi, kwa sababu ndilo linaloweza kumletea mtu maafa.

Kwanza, pambo lililoshikiliwa na fremu, ukuta au mkanda halihitaji gesi yoyote, linajazwa hewa hii hii tunayovuta. Gesi inahitajika pale tu mteja anapotaka puto lielee lenyewe. Gesi ya kazi hiyo ni heliumu, ambayo haiwaki. Puto la kawaida la mpira la inchi 11 likijazwa heliumu huelea kwa saa 12 hadi 20 hivi, hivyo ukilijaza Ijumaa jioni kwa sherehe ya Jumamosi jioni, wageni watalikuta sakafuni. Yale ya foili yanayong'aa hukaa juu kwa siku kadhaa, lakini lazima yafungwe uzito chini, kwa kuwa foili hupitisha umeme na likipaa likanasa kwenye nyaya linaweza kusababisha shoti.

Pili, heliumu ni ghali. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kuna hazina kubwa ya gesi hiyo katika bonde la Rukwa, na watu wengi waliniuliza kama bei ya mtungi itashuka, ila gesi iliyo chini ya miamba haimsaidii mpambaji wa Mbagala. Ughali huo ndio unaowafanya baadhi ya wauzaji kujaza haidrojeni, ambayo hupaisha vizuri tu lakini huwaka kwa cheche moja. Mwezi Mei 2012, mjini Yerevan nchini Armenia, maputo yaliyojazwa gesi inayowaka yalilipuka kwenye mkutano wa siasa na watu zaidi ya 140 wakajeruhiwa. Hebu fikiria jambo hilo karibu na mishumaa ya keki, au karibu na zile fataki za mezani ambazo siku hizi hazikosekani kwenye sherehe. Muuzaji akishindwa kukuonyesha maandishi ya mtungi, au bei yake ikiwa chini mno kuliko ya wenzake, mwachie mtungi wake.

Mtungi wa kukodi usimamishwe wima na ufungwe kwenye kitu kizito. Na mtoto asiachwe kuvuta gesi ili sauti yake ibadilike, maana heliumu huchukua nafasi ya oksijeni kwenye mapafu, na ikitoka mtungini moja kwa moja inaweza hata kuyapasua.

Mchezesha watoto, Kinondoni

Kaka wa Mwanza ameeleza mapambo vizuri, ila sikubali burudani iachwe pembeni, hasa kwa mtu anayesema watoto humzoea. Mwenye sherehe ya mtoto anapokupigia simu, jambo linalomkosesha usingizi si rangi ya upinde. Anawaza watoto thelathini watafanya nini kuanzia saa tisa mpaka keki ikatwe.

Anza na maputo marefu ya kusokota, yale yanayoitwa 260, kwa maana ya upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60 yakijaa. Pakiti yake ni ya bei ndogo na inatumika na pampu ya mkono. Jifunze maumbo matatu tu, mbwa, upanga na ua, mpaka uweze kuyatengeneza huku unazungumza na mtoto bila kutazama mikono. Siri yake ni kuacha kipande cha mkia bila upepo, kwa sababu kila unaposokota, hewa husogea mbele, na isipokuwa na pa kwenda puto hupasuka usoni mwa mtoto. Mtoto mmoja huchukua kama dakika mbili, kwa hiyo watoto arobaini ni saa moja na dakika ishirini bila kupumzika. Toza kwa saa, usitoze kwa kichwa, maana vichwa huongezeka kila jirani anaposikia muziki.

Vipande vya maputo yaliyopasuka viokotwe papo hapo. Mtoto mdogo akiweka kipande cha mpira mdomoni kinaweza kuziba koo, na ni kigumu kukitoa. Huko Marekani sheria inataka pakiti ya maputo iandikwe onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Uliza pia kama kuna mtoto ambaye mpira humletea vipele au kumbana kifua.

Kwa nyuso, tumia rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Rangi za maji za shuleni zinawasha na haziondoki vizuri. Mtoto mwenye kidonda, mba au jicho jekundu mchoree mkononi au umpe mbwa wa puto.

Tahadhari yangu ni moja: huwezi kupamba na kuchezesha peke yako siku hiyo hiyo. Mpambaji anamaliza akiwa amelowa jasho, mikono imechubuliwa na mafundo, wakati mchezesha watoto anatakiwa aingie akiwa na nguvu mpya. Tafuta mwenzako mmoja, au mwanzoni uza kimojawapo tu kwa kila sherehe.

Muulizaji, Mbagala

Nawashukuru sana, na kaka yangu nimemsomea yote, amenyamaza. Nina fundi wa kuchomelea jirani na binti wa dada yangu aliyemaliza kidato cha nne, atakuwa msaidizi. Limebaki jambo la oda kufutwa dakika za mwisho, na la usajili. Je, nikifanyia kazi nyumbani nahitaji leseni?

Mtunza hesabu, Temeke

Mdogo wangu, kufanyia kazi nyumbani hakukuondolei wajibu. Chukua namba ya mlipakodi (TIN) kutoka mamlaka ya mapato, TRA, namba ambayo haina malipo, sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa njia ya mtandao, kisha uombe leseni Manispaa ya Temeke. Mjasiriamali mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato, ila andika kila oda kwenye daftari tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ukivuka kiwango hicho mwenye kumbukumbu hukadiriwa kwa mauzo yake halisi. Na ukitaka kukua, kabla ya kwenda kwa wakopeshaji wa mitaani ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake.

Kwa oda, chukua nusu kabla hujanunua chochote, na umweleze mteja kwamba fedha hiyo hairudi ukishanunua rangi zake. Mtumie ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye tarehe, mahali, rangi, saa utakayomaliza kupamba, saa ya kuja kubomoa, na nani atalipa fremu ikipinda, halafu asikupigie kukubali bali akujibu kwa maandishi. Nusu ya pili ilipwe kabla hujashusha vitu ukumbini. Sharti hili lisimamie zaidi kwenye send-off na kitchen party, kwa sababu pale mteja wako ni kamati, kamati inasubiri michango, na sherehe ikishapita kamati huwa imevunjwa na mweka hazina hapokei simu.