Mjadala: Magodauni makubwa mapya yajengwe Miritini na Jomvu, au yavuke kwenda Dongo Kundu?

Mwenye Mada
Hamjambo nyote. Mwaka 2024 bandari ya Kilindini hapa Mombasa ilivuka kontena milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Barabara ya Dongo Kundu pamoja na madaraja ya Mwache na Mteza imeunganisha Miritini na upande wa Kwale bila feri, na huko ng'ambo kuna eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu lililotengewa ekari 3,000 hivi. Upande wa huku, ploti za makazi Miritini, Jomvu na Mikindani zinageuzwa magodauni moja moja. Je, kaunti iendelee kuruhusu, au magodauni mapya yote yasukumwe ng'ambo? Anayejibu alete hesabu. Siasa tupu tunazo za kutosha.

Klaringi wa Shimanzi
Umeanza na idadi ya kontena, na hapo ndipo wajenzi wengi huteleza. Kontena kupita bandarini si sawa na mzigo kuhitaji godauni. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini au Kongo mara nyingi hufika kwa mwenyewe ndani ya kontena ile ile, lakiri haijavunjwa. Huo hauna haja ya paa hapa Mombasa. Unataka yadi yenye sakafu nzito, mashine ya kuinulia na karatasi zilizo sawa. Paa linatakiwa na mzigo wa nchini unaofunguliwa hapa hapa (mchele, sukari, vigae, vipuri), na mazao yanayokusanywa kwenda nje, majani chai yakiwa mbele, na bidhaa za kuwauzia watu wa Pwani wenyewe, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu milioni 4.3.

Kisha kuna amri. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba mizigo Januari 2018, treni moja kontena 108, na mzigo wa nchini ukasukumwa kwa lazima hadi Embakasi, Nairobi. Yadi za Changamwe na Miritini zilizojengwa kwa mikopo zikabaki kupanga kontena tupu. Mahakama Kuu ya Mombasa ikabatilisha agizo hilo Novemba 2020. Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo forodhani irudi Mombasa. Kwa miaka hiyo yote ploti zilipanda na kushuka kwa kalamu, mzigo wenyewe ukiwa ule ule. Anayetaka kujenga kwa mkopo wa miaka 15 anijibu kwanza: amri ile ikirudi kwa jina jingine, godauni lako litakula nini?

Mthamini
Klaringi kasema kweli kuhusu mzigo. Mimi naongeza kwamba hata huo unaohitaji paa, si wote unaohitaji godauni la kisasa. Watu hulinganisha kodi ya pango kwa futi mraba, na futi mraba haihifadhi kitu. Linganisheni kwa paleti, kile kitanda cha mbao kinachopangiwa mzigo.

Chukua futi mraba 10,000, yaani mita mraba 930 hivi. Bei nitakazotaja ni za mfano, kila mtu aweke zake.

Godauni la zamani, kuta mita 5, hakuna reki (rafu za chuma za kupangia paleti). Unapanga paleti za mita 1 kwa 1.2 chini, mbili juu kwa juu, ukitumia asilimia 60 ya sakafu. Zinaingia paleti 930. Kwa shilingi 25 kwa futi, pango la mwezi ni 250,000, yaani shilingi 269 kwa paleti.

Godauni jipya, mita 9 chini ya boriti, reki za ngazi tano, njia za mita 3 za foklifti ya kunyoosha uma, inayogeuka mahali pembamba. Reki zinakalia kama asilimia 40 ya sakafu, na kila nafasi, ukiweka na mianya yake, inakula mita mraba 1.5. Hapo unapata nafasi 1,240. Kwa shilingi 45 kwa futi, kila nafasi ni shilingi 363, na hujanunua reki wala foklifti yenyewe.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa mchele mmoja, gunia moja, chapa moja, akihamia jengo jipya atakuwa amejitia hasara kwa hiari yake. Lakini mwenye vipuri vya aina 300 hawezi kupanga juu kwa juu, maana anachokitaka kila mara kitakuwa chini. Atalazimika kuacha mapengo, na zile nafasi 930 zitashuka hadi nusu: shilingi 538 kwa paleti. Kwenye reki kila nafasi inafikiwa, atajaza asilimia 90 bila shida, na gharama yake ni 403. Huyo ndiye mpangaji wa godauni la kisasa. Swali langu kwa wote: watu wa aina hiyo wako wangapi Mombasa, na wangapi wamekaa Nairobi wakituletea bidhaa kwa lori kila wiki?

Fundi Zege
Hesabu nzuri, Mthamini, ila umewafungulia watu mlango wa kusema "basi nitie reki kwenye godauni langu la zamani." Wasifanye hivyo kabla ya kutoboa sakafu na kuipima.

Kwenye reki ya ngazi tano, ngazi ya chini inakaa sakafuni, nne zinabebwa na nguzo. Paleti mbili kila ngazi, tani moja moja, ni tani 8 kwa fremu, tani 4 kwa mguu. Mguu huo una bamba la sentimita 10 kwa 15. Reki mbili zikipeana mgongo, miguu miwili inasimama sentimita 30 kutoka mwenzake, tani 8 mahali padogo kama sinia. Sakafu za zamani nyingi ni zege la sentimita 10 au 12 lililomwagwa kwa ajili ya magunia. Gunia linatandaza uzito wake, mguu wa reki unatoboa.

Miritini na Changamwe kuna tatizo jingine: udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba laini, unaovimba masika na kunywea kiangazi. Ukimwaga sakafu juu yake bila kuutoa, itapanda katikati na kushuka pembeni. Reki ya mita 9 ikiinama kidogo chini, juu imeshaegemea jirani. Utoe huo udongo, ujaze tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe na kupimwa kabla ya inayofuata.

Sakafu yenyewe iwe sentimita 18 hadi 20, kokoto ngumu za Jaribuni kule Kilifi, si za matumbawe zinazonyonya maji. Mchanga wenye chumvi usiusogeze. Mwaga baada ya magharibi. Mchana jua na upepo wa pwani hukausha uso kabla chini hakujashika, nyufa ndogo zinatokea siku ile ile. Viungo vikatwe kwa msumeno ndani ya saa 24, kwa joto letu ni bora 12, kina robo hadi theluthi ya unene. Ukichelewa, zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Kisha limwagiliwe siku 7. Wakandarasi hukatiza hapo kwa sababu mwenye jengo anataka kuezeka.

Na hapo sijafika kwenye paa. Kwa hewa ya chumvi, bati halianzi kuoza katikati, linaanza kwenye skrubu. Mwenye kuokoa pesa kwenye skrubu atazilipa kwenye mzigo uliolowa.

Mwana wa Jomvu
Nyinyi mwahesabu paleti, sisi twahesabu malori nje ya mlango. Fundi na Mthamini nisaidieni na hili. Kontena ya mchele ya tani 27 ni magunia 540 ya kilo 50, yanashushwa kwa mgongo. Tuseme saa tatu. Godauni likipokea kontena 30 kwa siku ya saa kumi, kila mlango unamaliza lori tatu, basi milango inatakiwa kumi. Mjenzi akiweka minne, lori 18 zinabaki barabarani. Kila moja na trela lake ni karibu mita 17. Hizo ni mita 300 za barabara ya mtaa zilizofungwa, watoto wa shule wakipita katikati ya magurudumu.

Na msisahau ardhi yenyewe. Pwani kuna nyumba bila ardhi: mtu kajenga, analipa pango la kiwanja, hati iko kwa mwingine. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi latoka gazetini, mwenye nyumba halisomi, siku ya tingatinga ndipo anajua. Hapa jirani yetu Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kiliwekwa ubavuni mwa makazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ndiyo maana tukisikia "viwanda na maghala" hatupigi makofi. Nasema yavuke.

Klaringi wa Shimanzi
Pole ndugu yangu, lori umelihesabu sawasawa. Ila Dongo Kundu si kapu la kutupia kila tusichokitaka. Eneo maalum lina sheria yake ya 2015. Kampuni iliyosajiliwa humo inalipa kodi ya mapato asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa 10 inayofuata. Lakini kitu kikitoka humo kuingia soko la Kenya, kinahesabiwa kimetoka nje ya nchi: kinalipiwa ushuru pale getini. Kwa anayechanganya na kufunga upya bidhaa za kwenda Kampala au Kigali, ni neema. Kwa mwenye duka la jumla Kongowea, ni kuongeza geti moja la kusimama.

Na kama shida yake ni kuchelewesha ushuru tu, godauni la dhamana lenye leseni ya KRA, mamlaka ya ushuru, lafanya kazi hiyo hiyo hapa Changamwe. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu mzigo ukae miezi sita, na kwa kibali miezi mitatu zaidi, unalipia kile unachotoa.

Dada wa Majani Chai
Nami niseme la chai, maana imetajwa kwa kupita. Mnada wa Mombasa unauza chai ya nchi kadhaa za Afrika, si ya Kenya peke yake, na chai hiyo yote inalala godaunini kabla ya kuuzwa na mara nyingi baada yake. Imo kwenye magunia ya karatasi, 20 kwa paleti. Ikinyonya unyevu ikapita asilimia 7 hivi, imeanza kufa. Na chai hunyonya harufu. Haiwekwi jengo moja na sabuni, viungo wala matairi, hata kama kuna ukuta katikati.

Sasa mkisema magodauni yote yavuke, mjue madalali na wanunuzi wanachukua sampuli, wanaonja, wanachanganya na kufunga upya kabla ya kusafirisha. Kazi hiyo imejipanga Shimanzi, Changamwe na Miritini. Chai haina haja ya mita 9 wala ngazi tano. Inataka sakafu kavu yenye polithini chini ya zege, paleti zisiguse ukuta (acheni nusu mita), matundu ya hewa juu yanayofungwa wakati wa mvua, na taa zisizochoma. Kukarabati godauni la zamani kwa kazi hii kunatosha. Sioni haja ya kubomoa mtaa.

Mthamini
Dada, hapo nakubaliana nawe nusu. Kukarabati kunatosha kwa sakafu na paa. Moto je? Magunia ya karatasi juu ya paleti za mbao, rafu kwa rafu, huo ni mzigo wa moto mkubwa.

Jambo la mikataba, kwa ufupi. Mpangaji anayeuza jumla ndani ya jengo anaweza kuhesabiwa kama mwenye duka, na mkataba wa miaka 5 au pungufu, au wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5, unaingia kwenye ulinzi wa Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Ndiyo sababu mikataba mingi inaandikwa miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Benki inakopesha kwa miaka 15. Pengo hilo, kwenye mji ambao amri moja yaweza kuhamisha mzigo, ndilo linalonifanya nisimshauri mtu ajenge kwa kubahatisha, iwe Miritini au ng'ambo. Apate mpangaji kwanza, sahihi iwe kwenye karatasi, ndipo achimbe. Na asisahau kwamba pango la biashara lina VAT ya asilimia 16 juu yake.

Fundi Zege
Kuhusu moto. Mfumo wa kunyunyizia maji wa godauni la reki unapimwa kwa vichwa 12 vikifunguka pamoja, kama lita 375 kwa dakika kila kimoja. Ongeza mipira ya zimamoto, lita 950 kwa dakika. Kwa saa moja ni karibu lita 327,000. Mombasa hii, ambayo mifereji hukauka siku nzima, hakuna bomba la mjini litakalotoa maji hayo. Kwa hiyo kila jengo lijenge tangi lake, pampu ya dizeli na ya pili ya akiba. Kwenye ploti ya nusu ekari Jomvu tangi hilo halina pa kukaa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya kuvuka, Mwana wa Jomvu, wala si malori. Ng'ambo tangi moja kubwa laweza kuhudumia majengo kumi, ikiwa mwenye eneo atalijenga kabla ya kukodisha viwanja. Akikodisha kwanza na kuahidi maji baadaye, tumerudi pale pale.

Mwana wa Jomvu
Sawa, Fundi. Basi kwa yale yatakayobaki huku, kaunti isitoe kibali bila mchoro unaoonyesha mambo manne: milango ya kushushia kulingana na kontena za siku, uwanja wa mita 35 mbele ya milango ili trela ligeuke ndani, maegesho ya lori zinazosubiri ndani ya ukuta, na tangi la maji. Ploti isiyoweza kubeba hayo manne haifai godauni, iachwe iwe nyumba. Na tangazo la kubadilisha matumizi lisomwe msikitini na kanisani na lipitishwe barazani kwa chifu, mbali na lile la gazeti.

Klaringi wa Shimanzi
Mita 35 zitafuta nusu ya ploti zinazotangazwa Miritini sasa hivi. Mimi sina neno. Ila tayarisheni jibu la wenye ploti, kwa sababu watauliza kwa nini yadi za zamani zilizo mkabala hazina hata mita 15 na zinafanya kazi kila siku.