Scania 113 inameza maji bila kuvuja, laina imetoboka ubavu mmoja

Mbao_za_Njombe:

Wakuu, habari za kazi. Nina Scania 113 ya mwaka 1994, inapiga mbao kutoka Njombe kwenda Dar. Tangu masika inakunywa maji. Ukitoka Makambako rejeta imejaa, ukifika Mikumi lazima uongeze maji ya mto, na chini ya gari hakuna hata tone. Gasketi za silinda hedi zimebadilishwa zote sita, hali ikabaki vilevile. Juzi alfajiri dereva kapiga stata, injini ikagota. Fundi kafungua, kakuta silinda namba tano ina maji juu ya pistoni.

Laina, lile bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka, imetolewa. Kwa ndani ni nzima, mistari ya honi (ile mikwaruzo ya kiwandani) bado inaonekana. Kwa nje, ubavu mmoja una vishimo vyembamba vilivyojipanga wima, na kimoja kimetokeza ndani. Upande unaotazama mbele ya gari na ule unaotazama nyuma hauna kitu.

Fundi anasema ni kutu, nitie maji safi tu. Ila kutu gani hiyo inayochagua upande? Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haimo, gari niliinunua hivyo. Nisaidieni kabla sijanunua laina mpya.

Dereva_wa_Tunduma:

Pole sana mkuu. Hiyo laina ni feki, tafuta orijino yaishe. Na thamostati iache hukohuko nje, ukiirudisha utachemsha ukipanda mlima Kitonga.

Fundi_Jiko:

Mkuu wa Tunduma, hata ukimpa orijino, akiiweka kwenye maji ya mto itatoboka tu. Na hilo la thamostati ndilo linalotuletea kazi gereji, endeleeni.

Mwenye mada, umeona vizuri kuliko fundi wako. Kutu ingekula mzunguko wote. Jinsi inavyokuwa: moto ukilipuka, konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki, imelala upande, kwa hiyo pistoni inabamizwa kwenye ubavu wa laina. Injini yako ya lita 11 ina laina za maji, yaani maji yanagusa chuma chenyewe. Ukibamiza namna hiyo laina inatetema kama kengele. Ukuta unaponywea ghafla kuelekea ndani, maji hayawahi kuufuata. Presha pale inaanguka na maji yanageuka vipovu vya mvuke hata kama geji inasoma nyuzi 70. Ukuta ukirudi, vipovu vinabomoka na kupiga chuma mahali padogo mno, tena na tena. Ndiyo maana vishimo viko upande pistoni inakobamiza. Mbele na nyuma, sambamba na krenki, hakuna kubamiza, hakuna vishimo.

Sasa thamostati. Bila hiyo, ukishuka Kitonga umeachia mafuta injini inapoa kabisa. Pistoni ikipoa inasinyaa, nafasi kati yake na laina inaongezeka, inabamiza kwa nguvu zaidi. Gari ikichemsha ukiwa umefunga thamostati nzima, tatizo ni rejeta iliyoziba, feni, au wota pampu. Tibu hicho.

Halafu kifuniko cha rejeta. Nimeshaona malori yamefungwa kipande cha mfuko wa plastiki pale, tena mifuko yenyewe imekatazwa tangu 2019, sijui wanaitoa wapi. Kile kifuniko kina springi kwa sababu: presha ndani ya mfumo ndiyo inayozuia vipovu visitokee kirahisi. Iringa mnakopita ni juu ya mita 1,500, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Weka kifuniko chenye presha ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kinachoingia tu.

Ila ugonjwa wenyewe ni maji matupu. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ya injini kubwa ya dizeli ina dawa, mara nyingi nitriti, inayojenga utando mwembamba sana juu ya chuma. Kipovu kinapasua utando, chuma hakiguswi, na dawa inaujenga upya. Kazi hiyo inaimaliza dawa kidogo kidogo, kwa hiyo rangi ya kijani haikuambii lolote. Kulanti inaweza kupendeza machoni na ndani haina kitu.

Mbao_za_Njombe:

Fundi, shikamoo. Hapo nimeelewa. Sasa dukani Makambako nikisema kulanti wananipa kijani ya lita tano, wanasema inakwenda gari zote. Ninunue ipi? Na hizo laina tano zilizobaki nizifanyeje?

Fundi_Jiko:

Marahaba. Geuza dumu usome maandishi madogo. Ukikuta namba ya kiwango ASTM D3306 peke yake, hiyo ni ya gari ndogo, haina dawa ya kukinga laina. Tafuta D6210. Ukikuta D4985, ni ya injini kubwa lakini dawa unaongeza mwenyewe tangu mwanzo, na muuza duka hatakwambia.

Laina tano zilizobaki zote zitoke. Najua inauma mfukoni. Lakini zimeoga maji yaleyale miaka ileile, na uzuri wa injini hiyo kila silinda ina hedi yake, hufungui mlima. Yenye vishimo vya kuhisi kwa ukucha itupe. Yenye madoadoa tu, wapo wanaoizungusha robo ili ubavu mzima ndio upokee kipigo. Mimi hufanya hivyo kama pesa ya mteja imekata, na namwambia kabisa kwamba ni ya kusogeza siku. Angalia na bloku mahali zinapokaa o-ringi za chini. Pakiliwa pale, laina mpya itapitisha maji kwenye sampu ya oili na utakuja kulaumu laina.

Genereta_Nyali:

Nipo Mombasa, nimeshughulikia jenereta za Cummins NT855 miaka mingi. Hizo zina filta ya maji, na ndani ya filta kuna dawa. Niongezee jambo moja: dawa ikizidi pia ni shida. Kuna hoteli walikuwa wanabadilisha filta yenye dawa na bado wanamwaga chupa ya dawa juu yake, kila sevisi. Tulipofungua rejeta tukakuta uji wa kijani umekwama kwenye mirija, na sili ya wota pampu imechakaa kwa chembechembe. Nunueni vijikaratasi vya kupimia. Unachovya, unasubiri muda ulioandikwa kwenye kopo, unalinganisha rangi. D6210 inataka nitriti isipungue 1,200 ppm (sehemu kwa milioni) ikiwa peke yake. Ikiwa pamoja na molibdeti, dawa nyingine ya kukinga, jumla isipungue 780.

Fundi_Jiko:

Asante Nyali, hiyo ya kuzidisha watu wengi hawaijui. Angalizo: kuna kulanti za muda mrefu zisizo na nitriti kabisa, zinakinga kwa njia nyingine. Kijikaratasi cha nitriti kitasoma sifuri na kulanti ni nzima. Hizo usizichanganye na za nitriti, chagua moja ubaki nayo.

Mbao_za_Njombe:

La mwisho wakuu. Maji ya kuchanganyia ni yapi, na dereva akipungukiwa njiani afanyeje?

Fundi_Jiko:

Kwanza safisha mfumo, suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe, umwage yote hata kwenye plagi ya bloku. Pima kwa dumu ulichomwaga, ndipo utajua ununue kiasi gani. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, kwenye rafu hiyohiyo wanaweka na tindikali. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa kuliko ya kisima; visima vya Dodoma huko usiguse, chumvi tupu. Ukijaza, washa injini, hita wazi, toa hewa yote. Hewa ikibaki inazidisha vipovu.

Dereva mpe dumu la lita kumi lililochanganywa tayari, likae nyuma ya kiti. Mwambie akilitumia akupigie simu siku hiyohiyo aseme ni lita ngapi.